Mrejesho: gemu yangu ya angani sasa ina kasi ileile kwenye kila kioo

Wakuu, niliuliza kwa nini gemu yangu ya kutungua maadui angani, ya kuchezea kwenye brauza, inakwenda vizuri kwenye kompyuta yangu ila kwenye simu ya mdogo wangu maadui wanashuka kasi maradufu. Mlionijibu, asanteni sana. Ni kioo kweli: changu ni hertz 60, yaani hujichora upya mara 60 kwa sekunde, chake 120, na requestAnimationFrame, amri ya brauza ya kuchora picha inayofuata ya gemu, hufuata kasi hiyo ya kioo. Sasa kila mwendo nauzidisha kwa muda uliopita tangu fremu (picha) iliyotangulia. Risasi inapanda pikseli 240 kwa sekunde, simu yoyote ile.

Kilichonipa kazi ni kingine. Kwenye gemu ya Space Invaders ya 1978 maadui huongeza kasi kadiri wanavyopungua, kwa sababu prosesa ilibakiwa na vichache vya kuchora. Utamu ule kwangu hauji wenyewe, nimeuandikia kanuni yake: kila adui akifa, waliobaki wanakaza mwendo. Yule wa mwisho anakimbia balaa!

Picha nachora kwenye kanvasi (eneo la kuchorea ndani ya brauza) ya pikseli 224 kwa 256, halafu naikuza kwa image-rendering: pixelated, amri ya CSS inayokuza pikseli bila kuzilainisha. Ukungu wote umeisha.