Tupeane uzoefu: uliyojifunza siku ya mashindano ya matanga, majini na barazani

Mwanzilishi wa mada, Msasani

Ndugu zangu wapenda tanga, habari za jioni. Baada ya mashindano yetu ya mwisho kijana mmoja aliniuliza ni nani anayehukumu baharini, kwa kuwa hakumwona mwamuzi yeyote mwenye filimbi. Nilimweleza kwamba katika mashindano mengi ya klabu mwamuzi wa kwanza ni baharia mwenyewe: ukigusa boya unajizungusha na boti yako mara moja kama adhabu, ukimwingilia mwenye haki ya njia unajizungusha mara mbili, kisha unaendelea na safari. Naomba tusimuliane siku ambazo kanuni hii ilitupima.

Yangu ilikuwa mwezi wa Januari. Kaskazi ilianza kuvuma saa sita mchana, na kufikia saa tisa ilikuwa imeichafua ghuba yote, maana ghuba ya Msasani inatazama kaskazini na upepo huo huingia bila kizuizi. Nilikuwa katika Laser, boti ya mtu mmoja yenye urefu wa mita 4.23, ambayo katika upepo wa namna ile humlazimu baharia kuning'inia nje na kuishika demani, yaani kamba ya kuongozea tanga, kwa mikono miwili. Ilipandishwa bendera ya dakika tano kabla ya kuanza, ikafuata ya dakika nne, ikashushwa zilipobaki sekunde sitini, na nikauvuka mstari wa kuanzia nikiwa katika nafasi nzuri kuliko siku zote za msimu ule.

Nilifika kwenye boya la goshini, yaani la upande unakotoka upepo, nikiwa wa tatu. Nilipokuwa naligeukia, demani ilikwama, tezi, yaani sehemu ya nyuma ya boti, ikaligusa boya. Mguso ulikuwa mwepesi sana. Boti ya kamati ilikuwa mbali, na walionifuata walikuwa wamezibwa macho na matanga yao. Niliyaacha mawimbi matatu yapite nikijishauri, kisha nikajizungusha. Boti saba zikanipita, nikamaliza wa kumi. Kwa kuwa tunahesabu pointi kwa nafasi, wa kwanza akipata 1 na wa kumi akipata 10, mzunguko ule ulinigharimu pointi saba na pamoja nazo ubingwa wa msimu. Sijawahi kuulizwa habari zake. Wenzangu wengi wanadhani hadi leo kwamba upepo ulinishinda.

Mwanachama, Tanga

Mwenzangu ulijizungusha, mimi sikujizungusha, na naona ni haki nieleze.

Nilikuwa nikibisha, yaani nikiupanda upepo kwa kukata upande huu na ule, huku upepo ukinijia upande wa kushoto, na mwenzangu akija na upepo wa kulia, kwa hiyo haki ya njia ilikuwa yake. Nilikadiria kwamba ningepita mbele yake. Alilazimika kuusukuma usukani ghafla ili tusigongane, akatangaza kwamba analalamika. Jioni tuliitwa mbele ya jopo la watu watatu. Nilisema kwa utulivu kwamba nafasi ilikuwa ya kutosha na kwamba aligeuza boti kwa hofu yake. Yeye hakuwa na shahidi, wala si mtu wa maneno mengi. Malalamiko yake yakatupwa.

Baada ya hapo tulikwenda kula. Wanaozijua klabu za pwani wanajua kwamba meza ya jioni ni sehemu ya mashindano yenyewe: hapo ndipo mtu anaposimulia upepo ulivyomgeuka, mgeni anapoonyeshwa namna ya kufunga fundo, na walioshindana wanapogawana mishkaki kutoka sahani moja. Yule bwana alinisogezea sahani kama kawaida yake, akaniuliza tanga langu nilishonesha wapi. Nilishindwa kula. Siku ya tatu niliiandikia kamati barua kuomba nifutwe katika matokeo, na kabla ya kuipeleka nilikwenda kumsomea yeye kwanza, nyumbani kwake. Alinisikiliza hadi mwisho, akanikaribisha kahawa, na wiki iliyofuata akaniomba niwe msaidizi wake katika boti ya watu wawili. Tumesafiri pamoja tangu wakati huo.

Mwanachama, Lamu

Kwetu mambo ni tofauti kidogo. Katika mashindano ya mashua wakati wa Maulidi, watu husimama pwani yote ya mji, wa mtaa wa Mkomani kwa wa mtaa wa Langoni, na kila mmoja anaijua kila mashua kwa umbo la tanga lake. Ukikosea, wazee wa pwani wamekwisha kuona kabla hujafunga kamba.

Nilikuwa na umri wa miaka kumi na sita, na kazi yangu ilikuwa kuteka maji ya ngama, yaani yanayokusanyika chini ya mashua, na kuhamisha magunia ya mchanga kila tulipobisha, huku vijana wakubwa wakikaa juu ya ubao uliotokezwa nje upande wa goshini ili mashua isilale. Nahodha alikuwa mjomba wangu. Tulikuwa wa pili, tukimfukuzia jirani yetu katika mkondo ulio kati ya Lamu na Manda, na maji ya bamvua, yale makubwa ya mwezi mpya au mpevu, yalikuwa yanatoka kwa nguvu. Ghafla foromali ya jirani, mti unaoshikilia tanga, ikakatika, tanga likaanguka majini, na mashua ikaanza kuchukuliwa kuelekea Shela, ambako mkondo unafunguka kwenye bahari kuu na mawimbi huvunjika. Vijana wetu walishangilia. Mjomba hakusema neno. Aliugeuza usukani, akatufikisha ubavuni mwao, akawarushia kamba. Mashua nyingine zote zilitupita. Yule kijana aliyeshangilia kwa sauti kubwa kuliko wote ndiye aliyeamriwa kuishika kamba ile hadi tulipofika nchi kavu, na viganja vyake vilichubuka.

Mwanachama, boti ya uokoaji, Mombasa

Shikamoo nahodha, popote alipo. Ningependa wanachama wapya wajue kwamba alichofanya kimeandikwa hata katika kanuni za kimataifa. Kanuni ya kwanza kabisa ya mashindano ya matanga inamtaka kila mshindani atoe kila msaada awezao kwa aliye hatarini, na mshindani aliyepoteza nafasi kwa sababu hiyo ana haki ya kuomba afidiwe. Kwa kawaida hupewa wastani wa pointi zake za mbio nyingine. Nimekaa katika boti ya uokoaji misimu mingi, na wengi wanaostahili fidia hiyo hawaiombi kwa sababu hawajui kwamba ipo.

Mwanachama, Zanzibar

Nachangia upande wa baraza tu. Mimi sinywi pombe, na katika klabu moja niliyojiunga zamani, maisha yote ya jioni yalikuwa kaunta ya baa, kwa hiyo nilikuwa nikiondoka mara tu boti inapofungwa. Mzee mmoja alianza kuleta birika la kahawa na kashata, akaliweka kwenye ngazi za kuteremkia pwani. Baada ya miezi michache mazungumzo ya mbio yalikuwa yamehamia kwenye ngazi zile, na wafanyakazi wanaosukuma boti zetu majini, ambao hapo awali hawakuwa na mahali pa kukaa, walikuwa wakiketi pamoja nasi na kutueleza makosa yetu. Wale ndio waliokuwa wakituona vizuri kuliko kamati.

Mwanachama, Kilifi

Binti yangu ana miaka kumi na mmoja na husafiri katika Optimist, ile boti ya watoto yenye urefu wa mita 2.3. Mwezi uliopita alisimamisha boti yake akakaa karibu na mtoto mwenzake aliyepinduka na kunaswa na kamba mguuni, mpaka boti ya uokoaji ilipofika. Alimaliza wa mwisho na hakulalamika. Nimemsomea maelezo ya ndugu wa Mombasa hapo juu. Aliniuliza kama yule mtoto aliyepinduka naye atapewa pointi. Nilipomwambia hapana, alisema basi hataomba, lakini angependa wapewe boti zilizo jirani katika mbio zijazo.