Je, wahadhiri wetu walipwe likizo ndefu ili wayafanyie upya masomo yao?

Mtoa hoja (mhadhiri, Unguja)

Assalamu alaikum. Nawawekea mbele suala ambalo vyuoni huzungumzwa pembeni tu, wakati wa chai: je, inafaa vyuo vikuu vyetu vya umma vitenge fungu la kuwalipa wahadhiri katika likizo ndefu ili wakae wayafanyie upya masomo wanayoyafundisha? Vyuo vingi vya Marekani vina utaratibu wa aina hiyo. Mhadhiri huandika ombi fupi akieleza somo analotaka kulirekebisha na sababu zake, jopo la wenzake hulipima, na akikubaliwa hupewa fedha za miezi ya kiangazi ili kazi iwe tayari kabla muhula mpya haujaanza.

Mimi naunga mkono, kwa sharti moja: kilipiwe somo lililokamilika, yasilipiwe mahudhurio. Semina za mbinu za kufundishia tumezipata za kutosha. Tunasaini, tunapewa begi na kalamu, tunakula, kisha tunarudi darasani na slaidi zile zile. Nimeziona slaidi za takwimu ambazo bado zinawaambia vijana kwamba Zanzibar ina watu 1,303,569, idadi ya sensa ya 2012, ilhali sensa ya 2022 ilihesabu watu 1,889,773. Mwenye somo lile si mvivu. Ana madarasa manne na rundo la karatasi za mtihani, na likizo ikifika hupangiwa kuzunguka skuli kuwakagua wanafunzi walio kwenye mazoezi ya kufundisha. Kuibadilisha namba ni kazi ya dakika moja. Kazi yenyewe ni kuupindua mhadhara mzima, mwanafunzi akabidhiwe majedwali ya sensa zote mbili, akokotoe mwenyewe mpaka aone kwamba tumeongezeka kwa karibu asilimia 3.7 kila mwaka, halafu aulizwe hiyo ina maana gani kwa madarasa ya skuli za Mkoa wa Mjini Magharibi. Jambo hilo halitengenezwi baina ya kipindi cha saa nne na cha saa nane.

Mhasibu mstaafu wa Serikali, Mjini

Waalaikumu salaam. Mwalimu, mfano wako wa Marekani una tundu. Kule mikataba mingi ya wahadhiri ni ya miezi tisa, kwa hiyo kiangazi ni msimu usio na mshahara wa chuo, na fedha hizo zinaziba pengo la kweli. Hapa kwetu mhadhiri wa chuo cha umma hulipwa miezi 12, na kuandaa somo ni sehemu ya kazi aliyoajiriwa nayo. Muuguzi akijifunza namna bora ya kufunga kidonda hadai malipo ya pili. Isitoshe, nimekaa na vitabu vya hesabu vya kutosha kujua kwamba posho ikishaingia kwenye bajeti haitoki tena: mwaka wa kwanza ni motisha, mwaka wa tatu ni haki, na mwaka wa tano watu wanagoma ikichelewa.

Mzazi, Wete

Naomba na sisi wa Pemba tusikilizwe, maana fungu likitengwa Unguja kwetu hufika makombo. Mwanangu amesoma somo linalohusu rasilimali za bahari. Siku moja nilizifungua kurasa zake alizozitoa kwenye duka la fotokopi, zimefifia hata michoro haisomeki, nikatafuta habari za mwani. Nilikuta aya mbili: kwamba kilimo hicho kilianza mwishoni mwa miaka ya 1980 na kwamba huwapatia akina mama kipato. Basi. Sehemu kubwa ya mwani wa Zanzibar hutoka huku kwetu Pemba, na mwanamke yeyote anayeshuka ufukweni maji yakitoka anajua kwamba ule mwani mnene, wenye bei nzuri zaidi, unaoza na kukatika maji yanapopata joto, na kwamba kuupeleka kwenye kina kirefu kunahitaji chombo, kamba nyingi na watu wanaojua kuogelea. Mtoto amefaulu somo bila ya kuulizwa hata moja katika hayo, wakati kila hotuba ni uchumi wa buluu. Kama fedha hizo zitamtoa mwalimu ofisini akae na wakulima wa mwani kabla ya kuandika upya mihadhara yake, mimi nakubali. Kama ni za kubadilisha rangi za slaidi, hapana.

Mhadhiri msaidizi

Nashangaa hakuna aliyegusa suala la kupanda cheo. Kinachotupandisha zaidi ni makala zilizochapishwa kwenye majarida. Mwenye akili timamu akipata wiki sita zilizo wazi ataandika makala. Mtu akilipwa kidogo kwa kazi isiyomsogeza popote ataifanya kidogo vile vile.

Mwanafunzi wa mwaka wa tatu

Kila mwisho wa muhula tunajaza fomu za kuwatathmini walimu na hatujawahi kuambiwa zimekwenda wapi. Ningependa mwalimu anayeomba fedha aambatanishe fomu zetu za somo hilo hilo.

Mtoa hoja

Pendekezo la mwanafunzi nalichukua kama lilivyo. Kuhusu cheo, nakubaliana kwamba somo lililofanyiwa upya na kupitiwa na wenzake lihesabiwe katika kupandishwa; lakini hilo linahitaji kanuni zibadilishwe, na tukilisubiri litatukuta tumestaafu.

Hoja ya mshahara wa miezi 12 ni nzito, ila inachukulia kwamba likizo ya mhadhiri ni tupu, na sivyo. Chuo kinampa ukaguzi wa wanafunzi na usahihishaji, na kazi hizo tayari zina posho zake, kwa hiyo anayezikataa ili ashughulikie somo lake anapoteza fedha. Hapo ndipo mfumo wetu unapomwadhibu anayejali kufundisha. Ninachokipendekeza ni chuo kimlipe mtu mwingine ashike zamu yake ya ukaguzi kwa wiki kadhaa, na yeye afidiwe ile posho tu aliyoikosa. Kwa mwenye somo la bahari, iongezwe nauli ya boti na gharama za kukaa Wete au Micheweni.

Mhasibu mstaafu

Malipo ya anayeshika zamu na nauli sina pingamizi nayo, kwa kuwa yana risiti. Hiyo fidia ndiyo inayonitia shaka, kwani ni posho iliyobadilishwa jina. Ikiwa hamuwezi kuiacha, basi nusu yake izuiliwe mpaka mtahini wa nje auone mtihani mpya wa somo hilo na aandike kwamba umetofautiana na wa zamani.