Mtoto amefanyiwa upasuaji wa moyo, sasa anamwogopa kila muuguzi: nimsaidieje wodini?

Mama wa Ujiji

Habari zenu wazazi wenzangu. Mwanangu wa miaka minne alipewa rufaa kutoka Kigoma kuja Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete hapa Dar es Salaam, ambako amezibwa tundu lililokuwa kati ya vyumba viwili vya chini vya moyo. Namshukuru Mungu, ameshatoka chumba cha wagonjwa mahututi na mirija ya kifuani imeondolewa. Kinachoniumiza ni kwamba akimwona muuguzi tu anajikunja ukutani na kulia, hataki kukohoa wala kusimama kama anavyoelekezwa, na ameanza tena kukojoa kitandani ilhali alikwisha kuacha. Baba yake amebaki nyumbani na wadogo zake. Akipiga simu, mtoto anageuza uso. Ndugu wananishauri nimwambie kwamba hakuna kitakachomuuma ili atulie. Je, nifanye hivyo?

Baba wa Tabora

Pole sana dada, na hongera kwa hatua mliyofikia. Kwa maoni yangu usimwambie hivyo kabisa, kwa sababu sindano ikishamchoma baada ya mama yake kumhakikishia kuwa haiumi, hatamwamini muuguzi na wewe pia hatakuamini. Binti yetu alipokuwa amelazwa tulimwambia ukweli kwa maneno machache: itauma kidogo, tutahesabu pamoja hadi tano, kisha itakuwa imekwisha. Alilia, lakini alinyoosha mkono mwenyewe.

Kuhusu kukohoa, mfupa wa katikati ya kifua hukatwa wakati wa upasuaji na kuunganishwa kwa waya, hivyo kila kikohozi kinatikisa mahali penye maumivu. Sisi tulielekezwa kumpa kitu laini cha kukumbatia kifuani anapokohoa. Mke wangu alikunja khanga yake aliyokuwa amejifunika usiku, mtoto akaikumbatia kwa mikono miwili, akakohoa na kutoa makohozi ambayo alikuwa ameyazuia tangu asubuhi. Kupuliza mapovu ya sabuni nako kunayafungua mapafu, na yeye ataona ni mchezo tu.

Muuguzi wa watoto, Kigoma

Naongezea machache, mama. Mtoto wa umri huo huweza kudhani kwamba ameletwa hospitali kwa sababu amekosea, kwa hiyo mwambie mara nyingi kwamba hajafanya kosa lolote na kwamba hapo ni mahali pa kutengenezewa moyo. Kurudia tabia za utoto ni jambo la kawaida baada ya upasuaji mkubwa, na kwa kawaida huisha lenyewe asipokaripiwa. Uliza pia kama anapewa furosemide, kwani dawa hiyo hupunguza maji mwilini na humfanya mtoto akojoe sana. Huenda hilo la kitandani lina sababu nyepesi kuliko unavyofikiri.

Mwombe muuguzi apange dawa ya maumivu itangulie muda wa mazoezi. Unapomnyanyua usimshike kwapani. Pitisha mkono mmoja chini ya makalio na mwingine mgongoni, mpaka daktari atakaposema mfupa umeunga, jambo ambalo huchukua takriban wiki sita hadi nane.

Kabla ya kuruhusiwa, waeleze madaktari kwamba kwenu ni zaidi ya kilomita 1,200 kutoka hapo, ili wapange tarehe za kliniki wakijua umbali huo na wakupe maelezo ya maandishi ya kupeleka Hospitali ya Mkoa ya Maweni. Homa, usaha kwenye kidonda, kuvimba uso au kupumua kwa shida havisubiri tarehe ya kliniki. Meno yake yapigwe mswaki kila siku, kwani vijidudu vya kinywani vikiingia kwenye damu huweza kushambulia moyo.

Mama Kasulu

Mwanangu, kuhusu simu ya baba, usimlazimishe mtoto kuzungumza. Weka simu karibu na mto, baba asimulie tu: leo wadogo zake wamecheza nini, wavuvi wamerudi na migebuka au dagaa, nani amemuulizia. Asiulize swali lolote. Mtoto atajibu siku atakayotaka mwenyewe. Nawe, akilala mchana, mwachie jirani wa kitanda cha pili amwangalie, ukale chakula cha moto na kulala hata saa moja.