Doksi ya chunusi bila cheti cha daktari: iendelee au ikomeshwe?

Mleta mada (Morogoro)

Wakuu, salaam. Naomba tujadili jambo hili kwa uwazi, maana limenipitia mwilini.

Swali langu: je, muuza dawa aendelee kumpa mtu doksi, yaani doksisaiklini, antibayotiki ya kumeza, kwa ajili ya chunusi bila cheti cha daktari? Msimamo wangu nautaja mapema. Mimi nasema ikome, na nitaeleza kwa nini.

Nilianza kutoka chunusi nikiwa na miaka 19, mwaka wa kwanza chuoni. Havikuwa vile vipele viwili vitatu vya mwezini. Zilikuwa kubwa, zina usaha, zimejaa mashavuni na kidevuni, hata kulalia ubavu ilikuwa shida. Rafiki yangu akanipeleka duka la dawa jirani na stendi. Dada wa dukani alinitazama usoni tu, hakuuliza kitu, akanihesabia vidonge kumi vya doksi ya miligramu 100 kwenye kibahasha cha karatasi. "Kimoja asubuhi. Vikiisha uje."

Vikaisha, nikaenda. Vikaisha, nikaenda tena. Kwenye wiki ya sita uso ulianza kutulia, na kufika wiki ya kumi watu wakawa wananiuliza natumia nini. Sitasema uongo hapa: dawa ilifanya kazi. Kwa mara ya kwanza nilikaa mbele darasani bila kuziba shavu kwa mkono. Anayeona chunusi ni urembo tu hajawahi kuishi nazo.

Ila kila nilipoacha, ndani ya wiki tatu zilirudi. Basi nikaendelea. Mwaka mzima nilimeza doksi kama chai ya asubuhi. Katika mwaka huo nilipata fangasi ukeni mara mbili, nikanunua dawa ya fangasi duka lilelile, na hakuna aliyeniambia kwamba huenda mambo hayo mawili yanahusiana. Tukiwa mafunzo ya vitendo shambani, pua na migongo ya mikono iliungua jua hadi ikabanduka, mimi niliyezaliwa na kukulia juani. Halafu usiku mmoja nikameza kidonge kwa funda moja la maji nikalala. Niliamka na moto kifuani. Siku nne hata uji ulikuwa unanichoma. Hospitali wakaniambia kidonge kilinasa kwenye umio kikauchoma, na kwamba doksi humezwa kwa glasi nzima ya maji, mtu akiwa wima, na asilale kwa nusu saa na zaidi.

Maneno hayo yangeweza kusemwa kaunta kwa sekunde kumi.

Lakini kinachoniuma zaidi ni kwamba katika mwaka mzima hakuna mtu aliyenitajia siku ya kuacha. Ndiyo maana nasema cheti kirudi. Karibuni, na asiyekubali aseme.

Muuza dawa (Tunduru)

Dada, pole sana kwa yaliyokupata. Lakini sikubaliani nawe.

Nina duka la dawa muhimu. Mpango wa maduka haya ulianzia mkoani kwetu Ruvuma mwaka 2003, na ulianzishwa kwa sababu watu wa vijijini walikuwa wakinunua dawa kwa watu wasiojua chochote. Tukafundishwa, tukapewa orodha ya dawa tunazoruhusiwa kuuza, antibayotiki chache zikiwemo. Sasa wewe unataka mtu wa huku kwetu apande bodaboda, apande gari, alale mjini, amwone daktari kwa ajili ya chunusi?

Nikuambie kinachotokea akienda. Anapanga foleni na wenye malaria na kina mama wenye vichanga. Akifika ndani anaambiwa "hiyo ni balehe, itaisha." Nauli imeliwa, uso uko vilevile. Najua kwa sababu anarudi kwangu. Nikimkatalia, ananunua gulioni kwa anayepanga vidonge kwenye turubai juani, au anameza masalia ya kaka yake. Wengine wanakuja kuomba "rangi mbili", zile kapsuli za rangi mbili, hawajui hata ndani yake kuna nini. Hao nawakatalia.

Cheti ni kitu kizuri mahali palipo na wa kukiandika. Pasipo naye, sheria hiyo inamfungia mlango maskini peke yake, mwenye pesa atapata tu.

Mama wa kijana wa kidato cha nne (Kibaha)

Mimi sina upande, nina swali. Mwanangu anaoga mara tatu kwa siku, anajisugua kwa sabuni ya dawa hadi ngozi inakuwa nyekundu, na bado zinatoka. Wenzake wamemwambia ni uchafu. Juzi nimekuta bahasha ya doksi ndani ya begi lake la shule. Je, nimnyang'anye au nimwache amalize? Nimesikia tangu zamani kwamba antibayotiki lazima imalizwe.

Tabibu wa ngozi (Kanda ya Kaskazini)

Mama, nianze na wewe. Si uchafu, na kusugua kunazidisha. Chunusi zinatokana na mambo yanayoshikana. Homoni za ujana huzidisha mafuta ya ngozi, seli zilizokufa huziba mdomo wa kitundu cha nywele, bakteria aitwaye Cutibacterium acnes, ambaye kila mmoja wetu anaishi naye, huongezeka humo ndani, na mwili hujibu kwa uvimbe na usaha. Mwambie aoshe uso kwa sabuni laini mara mbili kwa siku, asitumbue, na kama anapaka mafuta mazito ya nywele yanayoteremka kipajini, ayaache. Bahasha hiyo njoo nayo kituo cha afya pamoja naye, aonwe. Lile la "lazima imalizwe" husemwa juu ya dozi aliyoiandika mtu aliyempima mgonjwa. Hapa hakuna aliyeandika dozi, kwa hiyo hakuna cha kumaliza.

Sasa nije kwenye mada. Doksi inamgusa bakteria na inatuliza uvimbe. Haipunguzi mafuta wala haizibui vitundu. Dada wa Morogoro, ndiyo sababu zako zilirudi kila ulipoacha, haukuwa mwili wa ajabu. Mwongozo wa Uingereza wa mwaka 2021 unasema antibayotiki ya kumeza kwa chunusi za wastani hadi kali itolewe wiki 12 kisha mgonjwa aangaliwe upya, isitolewe peke yake bali pamoja na dawa ya kupaka, na kuvuka miezi sita iwe kwa sababu ya pekee kabisa. Dawa ya kupaka yenyewe ni kama jeli ya adapalini iliyochanganywa na benzoili peroksaidi. Hiyo ya pili inaua bakteria bila kuwafundisha usugu, yaani kutosikia dawa tena. Kidonge kikiisha, jeli inaendelea, na jeli ndiyo inayolinda uso.

Kwa nini tunahangaika na usugu kwa ajili ya vipele? Kwa sababu kidonge ukikimeza hakiendi usoni tu. Kinapita tumboni, kwa bakteria wote walioko humo. Na doksi si dawa ya chunusi peke yake. Ndiyo tunayompa mgonjwa wa kipindupindu, mtu mzima miligramu 300 mara moja, pamoja na maji na chumvi zake. Nchi hii ilishapata somo. Oktoba 1977, mlipuko wa kipindupindu ulipoanza, vimelea vyote vilivyopimwa vilikuwa bado vinakufa kwa tetrasaiklini, ndugu wa damu wa doksi. Dawa ikatumika kwa wingi, kutibu na kukinga. Baada ya miezi mitano, asilimia 76 ya vimelea vilikuwa sugu. Taarifa hiyo ilichapishwa katika jarida la Lancet mwaka 1979, na tulisomeshwa darasani.

Jambo jingine linalonikera zaidi ya doksi: siku hizi naona watu wamepewa azithromaisini kwa chunusi. Shirika la Afya Duniani limeiweka kwenye kundi la antibayotiki za kutumiwa kwa uangalifu, wakati doksi iko kundi la kawaida. Kumpa mtu azithromaisini kwa sababu tu doksi imeisha dukani ni kosa.

Muuza dawa (Tunduru)

Tabibu, heshima kwako. Lakini hiyo ya 1977 walipewa wagonjwa wa kipindupindu na jamaa zao kwa wingi, wakati wa mlipuko. Usimtwishe mzigo huo binti mwenye chunusi. Doksi hiyohiyo watalii wanameza kila siku kukinga malaria, miligramu 100, safari nzima na wiki nne baada ya kutoka. Hakuna anayewaambia wanaharibu dunia.

Tabibu wa ngozi

Hoja yako ina uzito, na sitaikwepa. Mtalii naye anachangia usugu, tofauti ni kwamba yeye anakinga ugonjwa unaoua na ana tarehe ya kuacha. Nilitoa mfano wa 1977 kwa ajili ya kasi: miezi mitano tu. Dada yetu alimeza miezi kumi na miwili, na nyuma yake wako wangapi?

Kijana (Dodoma)

Mimi nilimeza miezi mitatu, nikaacha, hazijarudi huu mwaka wa pili. Sikupaka kitu. Nasema ili isionekane kila mtu inamshinda.

Msomaji (Unguja)

Kwetu tulikuwa hatujui vidonge. Bibi alikuwa akisaga liwa juu ya jiwe na maji ya waridi, tunapakwa usoni jioni, asubuhi uso umepoa. Sisemi inatibu chunusi kubwa kama za dada. Lakini naona wasichana wa leo wameiacha liwa wakakimbilia mkorogo, ili wafute yale madoa meusi yanayobaki chunusi zikishapona. Hapo ndipo mambo yanapoharibika.

Tabibu wa ngozi

Shangazi, umegusa penyewe. Kwenye ngozi nyeusi doa hubaki miezi mingi baada ya kipele kwisha, na mgonjwa huliona doa kuwa ndiyo chunusi. Anakwenda kununua krimu yenye steroidi kali kama klobetasoli. Wiki mbili uso unang'aa, kisha zinatoka chunusi za steroidi, vipele vingi vinavyofanana, na hizo doksi haizishindi maadamu krimu inaendelea. Nimewaona wengi waliofika kwangu wakiwa na vyote viwili, krimu mkono huu na doksi mkono huu. Swali la kwanza la muuza dawa lingepaswa kuwa: unapaka nini?

Mtanzania aliyeko Leicester, Uingereza

Niongeze ya huku. Daktari alinipa laimisaiklini, dawa ya kundi moja na doksi, miligramu 408, kidonge kimoja kwa siku, na jeli ya usiku. Siku hiyohiyo akanipangia miadi ya wiki ya 12. Nilipofika, uso ulikuwa umepona nusu. Nikamsihi aniongezee. Akakataa, akaniandikia jeli peke yake, na nilitoka pale nimechukia kweli. Jeli iliniwasha, ikakausha ngozi, ikafifisha rangi ya foronya zangu zote. Nilihesabu miezi minne kabla uso haujatulia. Kwa hiyo hata penye daktari wa bure, njia sahihi ni ndefu na inachosha. Tusiwalaumu wanaorudi kwenye kidonge.

Mleta mada (Morogoro)

Nimesoma yote, na kaka wa Tunduru nimekusoma mara mbili. Nabadilisha nusu ya msimamo wangu.

Nilipoandika "cheti kirudi", nilikuwa nafikiria mji wenye hospitali tatu. Sikufikiria mtu wa kulala njiani kwa sababu ya uso. Kwa hiyo bahasha ya kwanza nakubali itoke kwa muuza dawa aliyefundishwa, lakini isitoke kimya. Aulize kama ni mjamzito, kama ananyonyesha, na umri wake, maana nimejua sasa kwamba kundi hili la dawa linaharibu rangi ya meno ya mtoto aliyeko tumboni na ya watoto wadogo. Aulize anapaka nini, kama alivyosema tabibu. Aseme glasi nzima ya maji, usilale, usimeze pamoja na maziwa wala vidonge vya kuongeza damu, jikinge jua. Na juu ya bahasha aandike tarehe: anza leo, mwisho wiki ya 12.

Nusu ya pili siibadilishi. Mtu akirudi baada ya tarehe hiyo, asipewe. Aende kwa tabibu hata kama ni mbali, kwa sababu hapo dawa imeshindwa au ugonjwa si huo.

Kaka wa Tunduru, hilo unaliweza?

Muuza dawa (Tunduru)

Kuandika tarehe naanza kesho, dada, kalamu haina gharama. Maswali nayo nitauliza, ingawa la mimba kumuuliza binti mbele ya wateja si jepesi, itabidi nimsogeze pembeni.

Jeli ndiyo sina. Niliulizia kwa wa jumla Songea, tyubu moja inazidi doksi ya mwezi mzima, nami nikiileta itakaa rafuni hadi iharibike. Na yuko mteja wangu mmoja, anakuja kila Jumatatu, yuko mwezi wa tano sasa. Tabibu, Jumatatu hii nimwambie nini?

Tabibu wa ngozi

Mwambie ukweli wote, kwamba muda umepita na wewe ulichelewa kumwambia. Chunusi zikirudi, asifikiri ameugua upya. Mwandikie jina la benzoili peroksaidi kwenye karatasi, nguvu ndogo, asilimia 2.5, aanze kupaka usiku mmoja anaruka mmoja, ili yeyote wa kwao anayekwenda Songea amnunulie. Nawe leta tyubu mbili tu, usilete katoni. Wa kwanza wa kuzinunua ni huyo wa Jumatatu.