Saa moja ya Ozzy Osbourne hapa Dodoma: kisemwe nini, zipigwe nyimbo zipi?

Ridhimu_Makole

Wakuu, habari za jioni. Kuna usiku wa muziki wa roki unaandaliwa Area C, na saa moja yake ni ya kumkumbuka Ozzy Osbourne, mwimbaji wa Black Sabbath aliyefariki Julai 2025. MC atasimulia maisha yake kwa vipande, na katikati bendi ipige nyimbo nne au tano. Wapigaji ni watu wa dansi na kwaya: gitaa moja, besi, drams, kinanda, mwimbaji mmoja.

Mwenye ukumbi kasikia kwamba jamaa ni mla popo na mwabudu shetani, sasa anasitasita. Ukweli ni upi? Halafu, mpiga gitaa akifuatisha rekodi, nyimbo nyingine zinakubali na nyingine zinagoma kabisa, utadhani gitaa halijatyuniwa. Na mwimbaji koo linakauka kabla wimbo wa pili haujaisha. Wenye kujua naomba msaada.

Mzee wa Nkuhungu

Popo ni kweli, ila vijiweni wanaongeza chumvi. Ilikuwa Januari 20, 1982, Des Moines, jimbo la Iowa. Katika ziara ile Ozzy alikuwa akiwarushia watazamaji nyama mbichi, nao wakazoea kumrushia vitu vyao. Shabiki mmoja akatupa popo jukwaani. Ozzy, kwa maelezo yake mwenyewe, akadhani ni mdoli wa mpira, akamng'ata kichwa. Baada ya onyesho akapelekwa hospitali kuanza sindano za kichaa cha mbwa. Njiwa ndiye aliyemng'ata kwa kusudi: 1981, Los Angeles, kwenye kikao na wakubwa wa kampuni ya rekodi ya CBS, akiwa amelewa.

Habari ya shetani haina mizizi. Bendi ilikuwa ikiitwa Earth. Walipokuta kuna bendi nyingine ya jina hilo, wakachukua jina la filamu ya kutisha aliyoigiza Boris Karloff. Mashairi mengi hakuandika Ozzy, aliandika mpiga besi, Geezer Butler, aliyelelewa Kikatoliki. Mwambieni mwenye ukumbi asikilize "After Forever" ya 1971: ni wimbo wa kumtetea Mungu waziwazi, kuliko hata baadhi ya nyimbo zinazopigwa kwenye harusi zetu. Ile misalaba waliyovaa shingoni iliundwa na baba yake Ozzy, aliyekuwa fundi kiwandani. Na "War Pigs" inawasema wakubwa wanaoanzisha vita halafu wanawapeleka maskini wakafe.

Wasifu wake MC aanzie Aston, mtaa wa wafanyakazi wa viwandani Birmingham. John Michael Osbourne, kazaliwa Desemba 3, 1948, mmoja wa watoto sita. Kusoma kulimpa shida, shule akaacha na miaka 15. Alifanya kazi machinjioni, akaiba, akafungwa wiki kadhaa gereza la Winson Green kwa kukosa faini ambayo baba yake alikataa kumlipia. Baba huyohuyo baadaye akaingia deni la pauni 250 kumnunulia vipaza sauti. Msiikate sehemu hiyo. Kijana asiyejua chombo chochote aliingia bendi kwa sababu alikuwa na vipaza sauti vyake.

Pia msimpambe. Aprili 1979 wenzake walimfukuza kwa pombe na dawa za kulevya. Februari 1982 alikamatwa San Antonio, Texas, akiwa amevaa gauni la Sharon, aliyekuja kuwa mkewe, kwa kukojolea mnara wa kumbukumbu ya wapiganaji wa Alamo, na mji ukamfungia kupiga humo mpaka 1992. Hilo watu watacheka. La Septemba 1989 halichekeshi: alikamatwa kwa kumkaba koo Sharon, mkewe, nusura amuue. Sharon akafuta mashtaka, Ozzy akapelekwa kutibiwa ulevi. Kama kuna jambo la kumsumbua mwenye ukumbi ni hilo, popo mwacheni.

"Suicide Solution" iachieni stoo. Wimbo ni wa kuonya kuhusu pombe, na familia iliyoshtaki kwamba ulimfanya kijana wao ajiue iligonga mwamba mahakamani California 1986. Lakini kuyaeleza yote hayo katikati ya burudani ni kutafuta balaa.

Besi_Kizota

Shikamoo Mzee. Mimi nijibu la gitaa.

Gitaa lenu halina tatizo. Albamu mbili za kwanza za Black Sabbath, zote za 1970, zimepigwa kwa tyuni ya kawaida ya E. Ya tatu, Master of Reality ya 1971, baadhi ya nyimbo zimeshushwa semitoni tatu (semitoni ni hatua kutoka kibonyezo kimoja cha kinanda hadi cha jirani yake, vyeupe na vyeusi pamoja). Ndiyo maana "Paranoid" na "Iron Man" zinakubali, halafu "Children of the Grave" na "Into the Void" zinawatoa jasho. Hizo zinataka, kuanzia uzi mnene: C#, F#, B, E, G#, C#.

Chanzo ni ajali. Tony Iommi, mpiga gitaa wa Black Sabbath, akiwa na miaka 17, mashine ya kiwanda cha mabati ilimkata ncha za kidole cha kati na cha pete, mkono wa kulia. Yeye ni shoto, kwa hiyo mkono huo ndio unaobonyeza nyuzi. Akayeyusha chupa ya plastiki ya sabuni ya vyombo, akajiundia vikofia vya vidole, akavivisha ngozi. Plastiki haihisi uzi na uzi mgumu unaumiza, hivyo akatafuta nyuzi nyembamba (za mwanzo zilikuwa za banjo), na baadaye akazilegeza. Ule uzito ambao nusu ya bendi za metali duniani zimeuiga ulitokana na mtu kutafuta nafuu ya vidole.

Ninyi mkilegeza seti ya nyuzi ya 9–42 (unene wa uzi mwembamba na wa mnene, kwa sehemu za elfu za inchi) kiasi hicho, nyuzi zitaning'inia kama kamba ya kuanikia nguo: zinagonga freti, na kila ukibonyeza kwa nguvu noti inapanda. Kwa C# wekeni 11–54 au unene wa karibu na huo, na fundi aikague shingo, maana mvuto wa nyuzi ukibadilika nayo hujipinda. Ukityuni, shuka chini ya noti kisha panda uifikie. Ukiishia kwa kulegeza, uzi utaendelea kuteleza ukiwa jukwaani. Ila kama gitaa ni moja, ushauri wangu ni mbaki na nyimbo za E. Kubadili tyuni katikati ya onyesho kutamla MC dakika tano.

Mwanzo wa "Iron Man", ile sauti inayogumia, ni uzi mnene ukiwa wazi huku kidole kikiusukuma nyuma ya nati (kipande chenye mifereji ya nyuzi mwishoni mwa shingo), upande wa vifunguo. Gitaa lenye kufuli za nyuzi kwenye nati halitaitika hata usukume vipi, tumieni mkono wa tremolo (ule wa kulegeza nyuzi zote kwa pamoja). Distoshen (ule mkwaruzo wa sauti ya gitaa) msijaze: punguzeni geini mpaka kila noti isikike peke yake.

Na dramu: Bill Ward, mpiga drams wa Black Sabbath, alikulia kwenye jazi, anabembea. Mpiga drams wa dansi ana nafasi nzuri hapa, mradi asijilazimishe kutwanga kila pigo sawasawa akidhani ndiyo roki.

DadaMiyuji

Koo la mwimbaji linakauka kwa sababu Ozzy anaimba juu sana, na juu hukohuko hakai na kupumzika. Hata yeye umri uliposonga, bendi ilishusha nyimbo jukwaani. Shusheni semitoni mbili, vyombo vyote. Kinanda bonyezeni transpozi -2, na mtu mmoja apewe kazi ya kuhakikisha haibadilishwi katikati, maana wimbo unaofuata utaanza kwa aibu. Nyuzi za 10–46 zinavumilia kushuka huko.

Kwenye "Iron Man" sauti inafuata rifu ya gitaa (kile kipande kinachojirudia) noti kwa noti. Mwimbaji wa kwaya atataka kuipamba, mkatazeni. Kwenye rekodi zake za peke yake Ozzy aliirekodi sauti mara mbili, moja juu ya nyingine, ndiyo maana inasikika nene. Kwa mwimbaji mmoja, wekeni dilei (mwangwi wa kuchelewesha sauti) ya milisekunde 30 hadi 40 kwenye miksa, irudie mara moja tu. Ikirudia zaidi, maneno yatavurugika na monita zitaanza kupiga mluzi.

Mpangilio: "Iron Man" (5:56), kisha "Changes" (4:46), ambayo haina gitaa wala drams, kinanda ndicho kinachobeba, kwa hiyo mtu wa kwaya atajisikia nyumbani na koo la mwimbaji litapata nafuu. Halafu "War Pigs" (7:57), mwisho "Paranoid" (2:48). Jumla ni kama dakika 21 na nusu. MC aongee vipande vya dakika tatu au nne, asizidishe.

Ridhimu_Makole

Asanteni sana, wakuu. Gitaa ni lenye kufuli, kulibadili tyuni ni kazi, kwa hiyo C# tumeachana nayo. Vijana wanaidai "Crazy Train". Inafaa kuongezwa?

Besi_Kizota

Inafaa, ila angalieni mnajifunzia toleo gani. Blizzard of Ozz, albamu yake ya peke yake yenye wimbo huo, ilitoka 1980 na besi ya Bob Daisley na drams za Lee Kerslake. Baada ya ugomvi wa malipo, toleo la 2002 likafutwa besi na drams zao, wakaingizwa Robert Trujillo na Mike Bordin. Toleo la 2011 likarudisha za awali. Mpiga besi akijifunzia la 2002 na mpiga drams la 2011, mazoezi yatakuwa mabishano matupu. Chukueni la 2011 wote.

Gitaa humo ni la Randy Rhoads, aliyefariki kwa ajali ya ndege ndogo Leesburg, Florida, Machi 19, 1982, akiwa na miaka 25. Solo yake mpiga gitaa wenu apewe muda wa kutosha, na kama haijakaa vidoleni siku mbili kabla ya onyesho, kinanda kishike nafasi hiyo kwa melodi ya ubeti.