Mshororo wa Kireno: tuupime kwa mizani ya nani?

Mwenzetu mmoja kaupima ubeti wa kwanza wa Os Lusíadas, utenzi wa Luís de Camões juu ya safari ya Vasco da Gama, uliochapishwa mwaka 1572. Kapata mizani (yaani silabi) 12 katika mishororo 3 ya mwanzo, na 13 katika wa nne. Hukumu yake: guni, yaani shairi lililovunja kanuni. Mimi naikataa hukumu hiyo, na naomba tuijadili.

Tuutazame wa kwanza: As armas e os barões assinalados. Kwa jicho ni silabi 12, kweli. Lakini Mreno hatui kwenye "e" ndipo aseme "os". Huzitamka pamoja, zikawa silabi moja. Zimebaki 11. Tena kwa kanuni yao hesabu hukoma kwenye silabi ya mwisho yenye mkazo, "la". Ile "dos" haihesabiwi. Ndiyo 10, na mikazo mikuu iko kwenye ya 6, "rões", na ya 10. Sasa usome kwa sauti huo wa nne unaodaiwa kuzidi, Passaram ainda além da Taprobana. Mikazo inatua palepale: "lém" ya 6, "ba" ya 10.

Sisi tuna inkisari, yaani kufupisha neno ili mizani itimie, ila mshairi wetu hufupisha kwenye karatasi: "akaniambia" yenye mizani 6 anaiandika "kanambia", zikabaki 4. Camões huandika neno zima, akamwachia msomaji kulifupisha mdomoni. Na mkazo kwetu hauna kazi ya kupima, maana katika karibu kila neno huwa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Kwao unahama, ndiyo maana mshororo umejengwa juu yake.

Kwenye vina wala hatuko mbali. -ados na -ana vinapishana mara 3, kisha mishororo 2 ya mwisho inageukia -aram, kama kituo (mwisho wa ubeti) kilichobadili kina. Mpango huo kaushika kwa beti 1,102!

Wapo wanaosema utenzi ulioichora Mombasa kuwa mji wa hila haustahili utetezi. Uchungu huo naujua, mimi mtu wa pwani. Lakini nitamshitakije kwa alichosema juu yetu, ilhali hata mshororo wake sijausikia sawasawa?

Ndugu zangu wa Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji, mliosoma Kireno shuleni mkarudi nyumbani kwenye Kiswahili na Kimwani: mshororo ule wa kwanza mnausoma kwa pumzi moja, au mnakata baada ya "rões"?