Samaki kumi na mmoja wa Baraka

Kikundi: NYUMBANI NKUHUNGU
Jumapili, mwezi wa kumi

Baraka, 12:40 jioni
[picha]
Mbukwenyi wote. Nimerudi bwawa la Mtera salama. Perege kumi na mmoja, ndoano tu 😎

Shangazi Neema, 12:42
Mbukwa mwanangu, hongera. Wawili wangu hao.

Dada Upendo, 12:43
Kumi na mmoja? Wewe uliyeshindwa kumkamata jogoo wa Krismasi?

Baba Mdogo, 12:51
Hongera. Ila hebu ikuze hiyo picha. Wa pili kutoka kushoto ana mstari kuzunguka shingo, magamba yametoka kama amevaa mkanda. Ndoano inachana mdomo. Mkanda huo ni wa wavu.

Baraka, 12:52
🚫 Ujumbe huu umefutwa

Dada Upendo, 12:52
Unafuta nini na tumeshaona 😂😂😂

Baraka, 12:58
Haya basi. Nimenunua kwenye meza za barabarani. Nimekaa tangu saa nne asubuhi mpaka saa tisa, hata wa kuonja sikupata. Shingo yote imeungua.

Baba Mdogo, 1:03 usiku
Saa nne! Ulikwenda kuvua au kuanika mlenda?
Mwezi huu na ujao ndiyo joto letu kali. Maji ya moto hayashiki hewa kama ya baridi, na jua likipanda samaki anashuka kilindini. Ndoano iwe majini saa kumi na mbili alfajiri, saa tatu unafunga virago. Ukitaka tena, rudi saa kumi na moja jioni.

Baraka, 1:05
Lakini nilikaa palepale uliponionyesha.

Baba Mdogo, 1:12
Nilikuonyesha mwezi wa tano, mvua ndiyo zimetoka kwisha. Sasa hivi hapo ni dimbwi.
Mtera ni pana, si refu kwenda chini. Likijaa linafika kama kilomita za mraba 600, lakini kutoka kujaa hadi kikomo cha chini ni mita nane na nusu tu: 698.5 juu ya usawa wa bahari mpaka 690. Na ardhi ya kule ni bapa, kwa hiyo maji yakishuka mita moja ukingo unakimbia mbali. Kiangazi chote yanashuka, maana yanazungusha mitambo ya pale, megawati 80, halafu yanateremka kuzungusha ya Kidatu, 204. Kilindi hakikusubiri wewe.

Shemeji Rashidi (Tanga), 1:15
Asalaam alaykum. Huku kwetu angesoma mwezi kwanza. Mwezi mwandamo na mwezi mpevu ni bamvua, bahari inajaa na kupwa sana: maji yakianza kujaa unarusha mshipi pale mawimbi yanapovunjikia, samaki wanafuata vijidudu vinavyofukuliwa mchangani. Maji mafu, yanapojaa kidogo tu, kaa nyumbani ushone nyavu. Na sasa upepo wa kusi umeisha, wa kaskazi haujashika, bahari imelala. Njooni.

Baba Mdogo, 1:19
Wa alaykum salaam shemeji. Bwawa halipwi wala halijai kwa mwezi. Bamvua yetu ni upepo. Ukivuma kutwa unasukuma vijimea na wadudu upande mmoja, perege naye huyo. Simama upepo ukupige usoni. Kurusha ni kazi, utatia chubwi, ile risasi ya kuzamisha mshipi, nzito kidogo, ila chakula kiko miguuni pako. Wengi hukaa upande wa raha, upepo mgongoni, wanarudi na hadithi.

Dada Upendo, 1:20
Wengine wanarudi na samaki wa mezani 🤭

Shangazi Neema, 1:22
Perege ana miiba. Mimi nataka kambale.

Baba Mdogo, 1:27
Kambale anakula usiku. Ndoano kubwa, ilale chini kabisa, chambo utumbo wa kuku ulioanza kunuka, au kipande cha sabuni ya mche. Msicheke, sabuni anaipenda kweli.
Perege ni kinyume. Ndoano ndogo, chelezo cha kuelea juu, na donge la ugali kama punje ya hindi. Anadonoa taratibu, ukivuta kwa pupa unamnyang'anya. Na ugali usiwe ule laini wa nyumbani, unayeyuka. Songa mgumu wa uwele.

Mama Mkubwa, 1:30
Nani anakwenda kukaa ukingoni Mtera usiku? Pale pana mamba, na kiboko usiku ndipo anapotoka kula majani. Akikukuta umekaa kati yake na maji, basi. Tena Baraka, kwenye ile picha ya asubuhi suruali umeikunja mpaka magotini. Kichocho hakikuulizi umepata samaki wangapi.

Baraka, 1:32
Mshipi ulinasa, nilikuwa nautoa. Ndoano nne zimebaki kule.

Baba Mdogo, 1:36
Ni ile miti iliyofia majini, wanapokaa wale ndege minandi. Samaki wanapenda kivuli chake, kwa hiyo rusha pembeni yake, usirushe katikati. Ukinasa, kata. Ndoano zinauzwa dukani, miguu haiuzwi. Mama Mkubwa yuko sahihi.

Shangazi Neema, 1:37
Na kambale wangu?

Baba Mdogo, 1:40
Subiri mvua za Desemba. Makorongo yakianza kutiririka kambale wanapanda kwenda kutaga, unawaona mgongo nje kwenye matope. Yeye anapumua hata hewa ya juu, matope hayamsumbui.

Dada Upendo, 1:41
Baba Mdogo, tukiwabeba wakienda kutaga si tunawamaliza?

Baba Mdogo, 1:44
Ndiyo. Kwa hiyo ni mmoja, wa shangazi yako, na sitamwambia mtu korongo lipi.

Baraka, 1:46
Mimi Jumamosi narudi. Natoka Dodoma saa tisa usiku.

Baba Mdogo, 1:47
Nipitie. Tukifika tunaanza kwa watu wa BMU, kikundi cha kusimamia uvuvi, pale mwaloni, watuambie kama kuvua kumefunguliwa na wapi panaruhusiwa. Usianze kutega kwanza halafu ndiyo uulize.

Shangazi Neema, 1:50
Hao kumi na mmoja wako wapi sasa hivi?

Baraka, 1:51
Kwenye friji.

Dada Upendo, 1:51
Friji gani? Umeme umekatika mtaa mzima tangu saa kumi na moja.

Baba Mdogo, 1:52
Bandika mafuta. Nakuja na ndimu.

Shangazi Neema, 1:52
Wawili wangu msiwaguse.